Breki za kantileva: kuzichagua na kuzifunga mpaka zishike kweli

Kama umenunua mauntenbaiki ya mtumba ya chuma, zile za mwishoni mwa miaka ya 80 na mwanzoni mwa 90 zinazokuja kwenye makontena kutoka Japani na Ulaya, kuna uwezekano mkubwa sana ina breki za kantileva, yaani mikono miwili mifupi iliyosimama kila upande wa tairi, waya mfupi unaoiunganisha ukipita juu ya tairi, na katikati ya huo waya mfupi kuna kidude cha pembetatu kinachovutwa juu na waya mkuu unaotoka kwenye liva. Na bila shaka umeshaambiwa kijiweni kwamba hizi breki hazina nguvu, toa tupa, weka diski. Mimi nasema subiri kwanza. Stumpjumper ya Specialized iliyotoka mwaka 1981, moja ya mauntenbaiki za kwanza kabisa kuuzwa madukani kwa wingi, ilikuja na kantileva za Mafac ya Ufaransa. Watu wamezunguka dunia na mizigo mbele na nyuma wakiwa na breki hizi hizi, na wakimbiaji wa saiklokrosi walizitegemea kwenye matope miaka na miaka, UCI, chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli, ilikuja kuruhusu diski kwenye mbio hizo mwaka 2010.

Shida ya kantileva ni moja tu, haijifungi yenyewe. Vi-breki, zile za mikono mirefu ambazo waya unapita juu ya tairi kutoka mkono mmoja hadi mwingine bila pembetatu, ukiifunga hovyohovyo bado inashika kiasi. Kantileva ukiifunga hovyo inakuwa pambo. Ila ukiifunga vizuri inashika, inaacha nafasi ya tairi nene na madigadi, na vipuri vyake vingi ni waya na raba ambazo unapata hata dukani kijijini. Kwa hiyo nitaeleza taratibu, na pale penye utata nitakaa zaidi.

Kabla ya kununua chochote, kagua fremu

Kantileva hazifungwi kwenye fremu yoyote. Zinahitaji pini mbili za chuma zilizochomelewa kwenye foki chini kidogo ya rimu, na nyingine mbili nyuma kwenye zile fito zinazopanda kuelekea kwenye siti. Baiskeli zetu za kubebea mizigo, Phoenix, Avon, Hero na ndugu zao, hazina hizo pini, zenyewe zina breki za fito zinazovuta raba juu zikagusa upande wa ndani wa rimu, kwa hiyo usipoteze hela kununua kantileva ukitegemea utazibandika. Na usikubali fundi wa mageti akuchomelee pini kwenye foki ya bomba jembamba, moto ule unalegeza chuma na foki ndiyo kitu cha mwisho unachotaka kikatike ukiwa kwenye mteremko.

Kama pini zipo, pima umbali kati ya katikati ya pini moja na katikati ya nyingine. Baiskeli nyingi ni kama milimita 80. Fremu za zamani zaidi zinaweza kuwa na karibu 60 tu, na hapo mikono ya kisasa itakusumbua, raba zitakuwa hazina pa kwenda. Angalia pia kama pini imepinda au ina kutu, na hasa ncha yake kama imetanuka kwa sababu kuna mtu aliikaza bolti kwa hasira. Ncha ikitanuka mkono hauzunguki, unakwama, breki inashika na hairudi. Hiyo unaitibu kwa msasa laini, polepole, zunguka pande zote, jaribu mkono, rudia. Usikimbilie tupa.

Kitu kingine ambacho watu wanakisahau ni kwamba pini zimewekwa kwa saizi moja ya ringi. Fremu ya inchi 26 haiwezi kupokea ringi za 700C, saizi kubwa ya baiskeli za racing, kisha raba zikafika kwenye rimu, tofauti ni kubwa mno. Ukitoka inchi 27 za zamani kwenda 700C hapo mara nyingi inawezekana, kwa sababu rimu inashuka milimita 4 tu na nafasi ya kusogeza raba inatosha.

Rimu nazo zikague siku hiyohiyo. Izungushe ringi, tazama kama inacheza kushoto kulia, maana kantileva nzuri inataka raba zikae karibu na rimu na rimu iliyopinda haitakuruhusu, kwa hiyo spoki kwanza ndipo breki. Pitisha kidole upande wa rimu: ukihisi bonde limeingia ndani, rimu imelika, ibadilishe, siku moja itapasuka kwa presha ya tairi. Kama ni rimu ya chuma cha kung'aa ujue mvua ikinyesha itateleza hata ukifunga breki gani. Rimu ya alumini ni badiliko ambalo utalihisi siku ya kwanza.

Kuchagua mikono

Kuna mikono mipana na kuna mikono myembamba, na katikati yake kuna za kati. Mipana ndiyo ile ya zamani kama za Mafac, inatanuka nje kama inataka kukukumbatia mguu, na hadi leo inatengenezwa, Tektro CR720 ni ya aina hiyo na bei yake haitishi. Myembamba imesimama karibu na tairi, Shimano ndio walioisambaza sana kuelekea miaka ya 90, na ndiyo utakayoikuta kwenye mitumba mingi.

Mipana ina nafasi kubwa ya matope na haisumbui sana kwenye kupanga, nitaeleza kwa nini. Ubaya wake ni nyuma: kama fremu ni ndogo na mguu wako ni mkubwa, kisigino kinagonga mkono kila ukipiga pedeli, na mifuko ya mizigo nayo inagusa. Kwa hiyo chaguo langu kwa mtu anayebeba mzigo ni mipana mbele, myembamba nyuma. Mbele ndiko breki inakofanya kazi kubwa na hakuna kisigino huko.

Na hapa niwe mkweli, kama baiskeli yako ina usukani mnyoofu na huna sababu ya kubaki na kantileva, vi-breki, zile ambazo Shimano walizileta mwaka 1996, zinaingia kwenye pini hizohizo za milimita 80 na ni rahisi kuzipanga. Ila lazima ubadilishe na liva. Kantileva zinakaa pale ambapo una usukani wa kujikunja wa racing, au liva zako ni nzuri na hutaki kuzitoa, au unataka madigadi na tairi nene kwa pamoja, au breki ulizonazo ni nzima na hela ya kubadilisha kila kitu haipo, na hiyo ni sababu halali kabisa.

Liva, hapa ndipo wengi wanaharibu

Liva ya kantileva inavuta waya kidogo. Liva ya vi-breki inavuta waya mrefu, karibu mara mbili. Ukiweka liva ya vi-breki kwenye kantileva utakuta liva inagota mapema, ngumu kabisa mkononi, halafu baiskeli haisimami. Ukifanya kinyume chake, liva ya kantileva kwenye vi-breki, liva inafika kwenye usukani kabla breki haijashika vizuri, na hiyo ni hatari ya wazi. Mitumba mingi imeshapita kwenye mikono ya watu waliobadilisha nusu tu, mbele vi-breki nyuma kantileva na liva zote mbili za aina moja, kwa hiyo usiamini, kagua. Baadhi ya liva za vi-breki zina kidude cha kuhamisha ncha ya waya karibu au mbali na mhimili wa liva. Ukiisogeza karibu na mhimili inavuta waya kidogo na inafaa kantileva.

Liva za usukani wa racing, zile za zamani, zinaendana na kantileva vizuri. Za Shimano za miaka ya karibuni zinavuta waya zaidi kidogo kuliko za zamani, bado zinafanya kazi ila utalazimika kushusha pembetatu zaidi, na hilo tunalifikia sasa hivi.

Angalia pia liva ipi inashika mbele. Baiskeli za Uingereza na Japani kwa kawaida mkono wa kulia ndio breki ya mbele, nyingi za Ulaya bara na Marekani ni wa kushoto. Kama umezoea upande mmoja, badilisha waya sasa hivi ukiwa umeshafungua kila kitu, usije ukabana mbele kwa nguvu ukidhani ni nyuma.

Pembetatu, moyo wa hii breki

Soma sehemu hii mara mbili ikibidi, maana ukiielewa hii mengine yote ni kukaza bolti tu.

Chukulia kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa kwenye nguzo mbili. Kama kamba imelegea sana na ukaning'iniza kitu katikati, nguzo hazisikii sana. Kama kamba imenyooka karibu kulala kabisa na ukaivuta katikati kwa kidole tu, nguzo zinainama kuja ndani. Waya mfupi wa kantileva ni hivyohivyo ila unavutwa kuelekea juu. Waya ukiwa umesimama sana, pembetatu ikiwa juu karibu na usukani, nguvu inayofika kwenye mikono ni ndogo. Ukilala, pembetatu ikiwa chini karibu na tairi, nguvu inaongezeka. Kwa hesabu, kila upande wa waya mfupi ukiwa na mwinuko wa nyuzi 60 unapokea kama asilimia 58 ya nguvu uliyovuta, ukiwa nyuzi 45 unapokea asilimia 71, ukiwa nyuzi 30 unapokea asilimia 100. Yaani waya uleule, mikono ileile, raba zilezile, ila kwa kushusha pembetatu mvuto wa kila upande umekuwa karibu mara moja na robo tatu.

Kwenye mikono myembamba faida hii inazidi, kwa sababu mkono umesimama wima na waya ukilala unauvuta kwa pembe mraba, ndiyo njia bora ya kuuzungusha. Kwenye mikono mipana kabisa, iliyolala nje, kinachoongezeka huku kinapotea kule, kwa hiyo pembetatu iwe juu au chini haileti tofauti kubwa. Ndiyo maana nimesema mipana haisumbui, na ndiyo maana ile myembamba ya mtumba ikifungwa ovyo ndiyo inayopewa jina baya.

Sasa tatizo la vijiweni ni hili, fundi anauacha ule waya mfupi uwe mrefu kupita kiasi kwa sababu ni rahisi kufunga, pembetatu inapanda juu hadi karibu na kizuizi cha kava, yaani pale lile ganda la waya mkuu linapoishia, anakaza, anabana liva, anaikuta ngumu kabisa haisogei, anakwambia breki safi hiyo. Hapana jamani. Liva ngumu isiyosogea ni dalili ya breki dhaifu, ina maana mkono wako hauna faida yoyote juu ya raba. Breki ya kantileva yenye nguvu inasikika laini kidogo, liva inaenda kama nusu ya njia, raba zinagusa na bado ukiendelea kubana unahisi zinazidi kuuma rimu. Ukiizoea hiyo hutarudi kule.

Mipaka ipo. Ukishusha sana, liva itafika kwenye usukani kabla ya kushika, na waya mfupi utagusa tairi au digadi. Kwa tairi la kashata, lile lenye meno makubwa, mimi naacha kama sentimita 2 hadi 3 kati ya waya na tairi, kwa sababu tope na vijiti vinapita hapo. Shusha mpaka liva ianze kwenda mbali kuliko unavyopenda, halafu rudisha juu kidogo. Hapo ndipo pako.

Mitumba mingi ya Shimano haina pembetatu inayosogea, ina kile kiunganishi chenye waya mmoja mfupi wenye kava, ambapo waya mkuu unapita katikati na kuendelea mpaka kwenye mkono mmoja. Hicho pembe yake imeshapangwa kiwandani kwa urefu wake, na mara nyingi kina mstari mdogo wa kukuonyesha waya ukae wapi. Kina faida moja kubwa: waya mkuu ukikatika hakuna kitu kinachobaki kimenyooka juu ya tairi.

Na hilo la kukatika lisikilize vizuri kama wewe una pembetatu ya kawaida. Waya mkuu wa mbele ukikatika, waya mfupi unadondoka kwenye tairi, kashata zinaudaka, unavuta mikono yote miwili kwa nguvu na ringi ya mbele inafunga papo hapo. Unaruka juu ya usukani. Digadi ya mbele inazuia hilo, na kama huna digadi basi weka kibati cha kushikia taa au riflekta pale juu ya tairi kwenye foki, kikae chini ya waya mfupi ili ukidondoka uishie hapo. Ile riflekta ya mbele ambayo kila mtu anaing'oa ili baiskeli ipendeze, mara nyingi bati lake ndilo linalofanya kazi hiyo. Usiing'oe.

Kufunga sasa

Vifaa ni vichache: alenki namba 5, na mara nyingi namba 2 kwa skrubu ya kusawazishia, spana namba 10, koleo la kukatia waya lenye makali, grisi, msasa, spiriti, na kipande cha kadi ngumu.

Anza kwa kusafisha rimu kwa spiriti pande zote mbili, halafu msasa laini kidogo kuondoa ule weusi. Pini zifute, paka grisi nyembamba, usipake mpaka ikamwagika kwa sababu grisi ikifika kwenye raba umeharibu raba.

Nyuma ya kila pini kuna matundu matatu madogo ya kuingizia ncha ya springi. Weka springi tundu la katikati pande zote mbili. Tundu la juu linakaza springi, la chini linalegeza. Kama waya wako ni wa zamani na unakwamakwama utashawishika kutumia la juu ili mikono irudi haraka, lakini dawa ni waya mpya, springi ikikazwa sana unakuwa unapigana na springi badala ya kubana rimu. Ila pande zote mbili lazima ziwe kwenye tundu linalofanana, ukichanganya mkono mmoja utavuta wote uende upande wake.

Kaza bolti ya pini kwa kiasi, Nm 5 hadi 7 kama una spana ya kupimia, kama huna basi alenki fupi na nguvu ya kiganja, sio ya bega. Ukimaliza mkono uzunguke wenyewe bila kukwama na bila kuchezacheza. Ukikwama fungua uangalie ile ncha ya pini niliyosema juu.

Raba zina aina mbili, zenye kijiti laini kinachopita kwenye tundu la bolti, na zenye kijiti cha nyuzi kama za vi-breki zenye wosha za mbonyeo. Zenye kijiti laini zinasumbua mikono yako kwa dakika kumi za mwanzo, lakini zinakupa uhuru wa kusogeza ndani nje, juu chini na kugeuza, mimi nazipenda. Kwa mvua, raba za Kool-Stop za rangi ya samoni zinasifika kwa haki. Zile raba nyeusi ngumu za bei ya chini zinaokota vipande vya alumini kutoka kwenye rimu na zinaikwangua, ukisikia mkwaruzo toa raba, chokoa vipande kwa ncha ya kisu.

Panga raba moja moja. Usukume mkono kwa kidole mpaka raba iguse rimu, na hapo angalia mambo manne. Kwanza urefu: ukingo wa juu wa raba uwe kama milimita 1 chini ya ukingo wa rimu, isiguse tairi kabisa, maana raba ikisugua tairi inalikata na tairi inapasuka ghafla. Usiiweke chini sana pia. Pini ya kantileva iko nje na chini ya rimu, kwa hiyo mkono ukiingia ndani raba inashuka, na kadri raba inavyolika ndivyo inavyogusa chini zaidi, mpaka siku moja inateleza chini ya rimu na kuingia kwenye spoki. Ukianza juu unajipa muda. Pili, raba ifuate mviringo wa rimu, isiwe imeinua pua. Tatu, uso wa raba ulale sawa na uso wa rimu. Nne, ncha ya mbele ya raba, kule ringi inakozungukia kwenda, iguse kwanza, nyuma kuwe na uwazi wa milimita 1 hivi. Hapo ndipo ile kadi inafanya kazi: ikate kipande, kiweke kati ya rimu na ncha ya nyuma ya raba, sukuma mkono, kaza, toa kadi.

Wakati wa kukaza shika bolti kwa mbele na alenki 5 ukikaza nati ya nyuma na spana 10, kwa sababu nati inapozunguka inataka kugeuza raba pamoja nayo. Inakera. Ukikaza ukakuta imegeuka, legeza, igeuze kidogo upande wa kinyume, kaza tena ijisahihishe yenyewe. Halafu hakikisha kijiti kimetokeza kwa urefu sawa pande zote mbili, kama kushoto kimetokeza sana kuliko kulia basi mikono haitakuwa na pembe moja na breki haitakuwa katikati.

Waya na kava

Nunua kava ya breki, sio ya gia. Zinafanana kwa nje ila ya gia ndani ina nyuzi zilizolala kwa urefu na presha ya breki inaweza kuipasua ukiwa unabana kwa nguvu zote. Kata mwisho wa kava uwe wima, toa ule ukingo uliobaki ndani, vaa kofia, ingiza. Kava isiwe ndefu ya kujikunja wala fupi ya kuvutika ukigeuza usukani, geuza usukani mpaka mwisho pande zote ukiangalia.

Kava lazima iishie kwenye kizuizi imara juu ya tairi. Mbele huwa kipo chini ya shingo ya usukani, nyuma kipo kwenye bolti ya siti au daraja dogo lililochomelewa. Kama kizuizi kinainama ukibana, nguvu yako inaishia kukunja bati. Pembetatu nayo isifike kukigusa ukibana mpaka mwisho, kwa sababu ikigusa breki imekwisha hapo.

Funga waya mfupi kwanza, kaza pembetatu kwenye waya mkuu ukiwa umezisukuma raba zikae karibu na rimu kama milimita 2 kila upande, halafu bana liva mara kadhaa kwa nguvu ili kava ikae na waya ivutike, kisha rekebisha tena. Bolti inayoshika waya ndiyo roho yako, ikaze vizuri na ukague kwamba waya umepita kwenye mfereji wake na haujachanika nyuzi. Waya uliobaki kata uache kama sentimita 4, vaa kofia ndogo ya mwisho.

Kusawazisha ni kwa ile skrubu ndogo kwenye mkono mmoja. Ukiikaza mkono huo unasogea mbali na rimu, ukiilegeza unakaribia. Robo mzunguko, bana liva, tazama, robo nyingine. Za zamani hazina skrubu, zina nati ya kuzungusha springi kwa spana nyembamba, mara nyingi namba 13, ishike pale ilipo wakati unakaza bolti ya kati.

Ikipiga kelele au ikitetemeka

Kelele ya mlio mkali mara nyingi ni ile milimita ya nyuma ya raba imepotea, au rimu ina mafuta. Rudia kadi, rudia spiriti. Mtetemo wa foki ya mbele ni kitu kingine. Kizuizi cha kava kikiwa juu pale kwenye shingo, ukibana breki foki inainama nyuma kidogo, umbali kutoka kizuizi hadi breki unaongezeka, waya unajikaza wenyewe, breki inazidi kubana, raba inateleza, foki inarudi, na mzunguko unaanza upya mara nyingi kwa sekunde. Ukihisi usukani unapiga dhoruba kila ukibana, kagua kwanza kama shingo ya foki imelegea, ongeza ule uwazi wa nyuma wa raba, na ikishindikana tafuta kizuizi kinachofungwa kwenye kichwa cha foki, kwenye lile tundu la bolti ya digadi. Kikiwa hapo foki na breki vinasogea pamoja na mtetemo unaisha.

Kujaribu na kutunza

Usijaribu barabarani kwanza. Simama kando ya baiskeli, bana mbele kwa nguvu zote ukisukuma baiskeli mbele, tairi ya nyuma inyanyuke. Bana nyuma ukiisukuma, tairi iburuzike. Angalia raba ziko wapi ukiwa umebana hivyo, maana mara nyingine zinapanda au kushuka tofauti na ulivyoziona mwanzo. Halafu zunguka uwanjani polepole, kisha mteremko mdogo.

Ukipanga kushuka milima kweli, tuseme Lushoto mpaka Mombo ambako unashuka zaidi ya kilomita 30 za kona, kumbuka breki yoyote ya rimu inapasha joto rimu, na ukibana mfululizo bila kuachia joto linaweza kupasua tyubu. Bana kwa nguvu kabla ya kona, achia, acha upepo upooze, bana tena. Badilishana mbele na nyuma. Kwenye mvua bana mapema kidogo ili raba ifute maji kwanza, ndipo ishike.

Baada ya safari chache za mwanzo waya itakuwa imevutika na kava imekaa, liva itaenda mbali zaidi. Zungusha kile kirekebishi cha waya kwenye liva au kizuizi, ukimaliza nyuzi zake rudisha ndani na uvute waya kwenye pembetatu, na kila ukivuta hapo hakikisha pembetatu haijapanda. Kagua raba kila ukisafisha baiskeli: mifereji ikiisha badilisha, na ukiona ukingo wa chini wa raba umebaki mdomo usioguswa na rimu, mdomo huo ukate kwa kisu kabla haujaanza kujishika chini ya rimu na kuzuia raba isirudi. Kwenye mkoba beba waya mmoja wa breki wenye ncha ya aina ya liva yako, yaani kichwa cha mviringo bapa kwa usukani mnyoofu au cha umbo la pea kwa racing, alenki 5 na spana 10. Kwa hivyo vitatu kantileva yako inatengenezeka popote utakapokuwa.